Mlianza Kusikia Harufu Lini?

"Mwanangu, nanuka?"

Bibi aliniuliza hivyo mara moja tu, nami nikamjibu kwa uongo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba chake kule Pangani, begi la safari likiwa bado begani, na ncha ya mtandio wangu ilikuwa imeshafika puani kabla sijaipa ruhusa. Nikaishusha haraka. "Hapana, bibi. Unanukia," nikasema. Haukuwa uongo mtupu. Chetezo kilikuwa kinafuka pembeni mwa kitanda, na chumba kizima kilijaa moshi wa udi. Lakini nyuma ya udi kulikuwa na harufu nyingine, nzito, yenye utamu fulani mbaya, kama ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki. Bibi hakunitazama machoni. Alitazama pua yangu, kisha midomo. Akasema, "Haya, karibu ndani," akageukia ukutani.

Huyu ni bibi mzaa baba. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na wakati huo alikuwa na kidonda kwenye unyayo wa mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa mwanafunzi Morogoro, nimekuja likizo. Sikujua lolote kuhusu kidonda hicho. Kwenye simu waliniambia bibi "hajisikii vizuri kidogo," na kila aliyewahi kupokea simu kutoka nyumbani anajua kwamba neno "kidogo" hubeba mzigo usiolingana na ukubwa wake.

Nimelirudia jibu langu mara nyingi tangu siku ile. Kwa muda mrefu niliamini kosa langu lilikuwa ule mtandio, na kwamba uongo ulikuwa ndiyo adabu iliyolisahihisha. Siku hizi nina mashaka. Nadhani mtandio unaweza kusamehewa.

Kwa Kiswahili, tofauti ya tusi na sifa hapa ni irabu moja. Ananuka, ananukia. Mwalimu wetu wa sarufi alitufundisha kwamba ile "i" ni ya kauli ya kutendea: pika, pikia, soma, somea, nuka, nukia. Nikiwa peke yangu hupenda kuichezea kanuni hiyo kwa namna ambayo mwalimu asingeikubali: anayenukia ananuka kwa ajili ya mtu fulani, na anayenuka ananuka peke yake. Tena tazama jinsi tulivyo mafundi wa kutaja ubaya. Shombo ni ya samaki. Kikwapa ni cha kwapani, kutuzi ni ya jasho. Uvundo ni wa kilichooza au kulowa kikakosa jua. Harufu nzuri tunazitaja kwa kuazima jina la kitu chenyewe, harufu ya karafuu, harufu ya asumini, lakini mbaya tumezipa majina yake zenyewe, kama watoto watundu ambao mtaa mzima unawajua.

Jambo la pili: sisi hatunusi tu, tunasikia harufu. Kitenzi ni kile kile cha sikio, na ni kile kile cha utii. Mtoto asiyesikia si kiziwi, ameambiwa akapuuza. Nitarudi kwenye kusikia huko.

Kwanza turudi mlangoni. Ninachoweza kusema kwa kujitetea ni kwamba mkono wangu ulitangulia akili, na mwili umeumbwa hivyo. Kidonda kinapooza, bakteria wanaokila hutoa kemikali nyepesi zinazopaa hewani. Ukivuta pumzi, molekuli hizo hupanda hadi kwenye dari la pua, karibu usawa wa macho, ambako kuna kipande kidogo cha ngozi laini kilicholowa ute. Humo mna mamilioni ya seli za neva zenye vinyweleo, na juu ya vinyweleo hivyo kuna vipokezi vinavyonasa molekuli. Linda Buck na Richard Axel walichapisha mwaka 1991 ugunduzi wa familia kubwa ya jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Binadamu ana aina zipatazo 400. Kila seli hubeba aina moja, lakini hakuna harufu yenye kipokezi chake peke yake. Molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa kwa pamoja, kama vidole vinavyobonyeza kinanda, na ubongo husoma mlio mzima.

Kutoka hapo nyuzi za neva hupenya kwenye mfupa wenye matundu kama chekeche na kuingia kwenye ubongo. Habari za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kabla ya kugawiwa kwingine. Habari za pua zina njia ya mkato. Zinafika mapema kwenye sehemu zinazohusika na woga, karaha na kumbukumbu, na jina la kitu huja baadaye, kama likija. Ndiyo maana uso hukunjamana kabla hujajua umekikunjia nini.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema: pua haina dhambi. Mimi nilisema hivyo kwa miezi. Kinachonisumbua ni kwamba pua si mtoto mchanga kiasi hicho. Mwaka 2001 Rachel Herz na mwenzake Julia von Clef walichapisha jaribio ambalo walinusisha watu mchanganyiko ule ule kwa nyakati mbili tofauti. Mara moja waliambiwa ni jibini ya Kiitaliano, mara nyingine wakaambiwa ni matapishi. Kwenye jina la jibini walipendezwa. Kwenye jina la matapishi walikirihika. Hewa ni ile ile, pua ni zile zile. Pua huleta habari, na sisi huitolea hukumu kwa kutumia kila tulichofundishwa kuhusu nani na nini vinastahili kukaribiwa.

Hili nilipaswa kulijua bila maabara. Bibi alikaanga samaki kwa zaidi ya miaka 20. Samaki wa baharini ana kemikali mwilini ambayo, akishakufa, bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo. Ndimu huiondoa kwa sababu asidi yake huifunga kemikali hiyo isiweze kuruka hewani. Bibi hakujua neno trimethilamini, lakini kila jioni alisugua mikono kwa maganda ya ndimu hadi kwenye viwiko, hasa siku ambazo mimi ndiye niliyekuwa nakwenda naye shuleni kulipa ada. Kidato cha kwanza, bwenini, msichana mmoja alifungua sanduku langu la bati, akaziba pua, akauliza nani kaleta ferry ndani. Wote wakacheka. Nikacheka pia. Usiku huo nilifua kanga aliyonipa bibi mara tatu. Hiyo kanga haikuwa na tatizo lolote, ilikuwa inanuka nyumbani. Ilikuwa inanuka ada.

Basi nilipofika mlangoni miaka ile baadaye sikuwa mgeni wa mambo haya. Nilikuwa najua uso wa mtu anayekunusa unavyokuwa. Na bado wangu ukawa hivyo hivyo.

*

Aliyemuuguza bibi alikuwa shangazi. Siku ile ya kwanza nilipotoka chumbani nikiwa nimebana pumzi, alinifuata jikoni akaniambia bila kunilaumu, "Usitoke. Ukikaa mpaka chai ipoe, husikii tena."

Ni kweli tupu. Seli za pua huchoka haraka na ubongo huacha kuripoti kisichobadilika. Ndiyo sababu hakuna anayejua nyumba yake inanuka vipi, na mwenye marashi mengi ndiye wa mwisho kujua amezidisha. Nilirudi, nikakaa kwenye kigoda na kikombe changu, na kabla chai haijapoa chumba kikawa chumba tu. Kitanda cha samadari. Redio. Bibi na hadithi zake za meli zilizokuwa zikitia nanga. Niliona nimejifunza jambo kubwa la maadili: kwamba labda ile tunayoiita roho nzuri, angalau kwenye vyumba vya wagonjwa, ni suala la dakika kama kumi. Wote husikia harufu ile ile. Wengine hutoka kabla haijaisha, wengine hawatoki. Wageni wa bibi walikuwa wanatoka. Walileta sukari guru na maandazi, na wengine, Mungu awasamehe, walimletea soda mgonjwa wa kisukari; wakakaa ukingoni mwa kiti, wakakumbuka wameacha chungu jikoni.

Bibi mwenyewe hakuisikia harufu yake. Hangeweza, alikaa nayo usiku na mchana. Alikuwa akiisoma kwenye nyuso zetu. Ndiyo maana aliuliza, na ndiyo maana alitazama pua yangu badala ya macho.

Na hapa ndipo hekima ya chai inapogeuka. Kisukari kikikaa sana mwilini huua neva za miguu. Mtu anaweza kukanyaga msumari akaendelea na safari. Kidonda cha bibi hakikumuuma. Kilikuwa chini ya unyayo, hakukiona. Pua yake ilikuwa imeshakizoea. Maumivu, macho na pua, mashahidi wote watatu wa mwili wake walikuwa wamenyamaza, na waliobaki wa kumwambia kinachoendelea mwilini mwake walikuwa sisi. Sisi tulikuwa tumewasha udi.

Siku ya tano homa ilipanda. Tukamkodia gari hadi hospitali. Daktari kijana, pengine alinizidi miaka minne au mitano, alifungua kitambaa, akakaa kimya kidogo. Hakuziba pua. Aliinama akavuta hewa, makusudi kabisa, kama mtu anayenusa mboga kujua kama imechacha. Kisha akauliza swali moja:

"Mlianza kusikia harufu lini?"

Hakuna aliyejibu. Shangazi alitazama sakafu. Mimi nilikuwa na siku tano tu za kukiri, lakini shangazi alikuwa na zaidi. Baadaye, kwenye benchi la nje, tulihesabu pamoja, kwa kutumia udi. Pakiti ya kwanza alinunua lini, ya pili lini. Zilikuwa wiki tatu na siku mbili. Kila alipoizoea harufu aliamini imepungua, na kila mgeni alipokunja uso aliongeza udi. Alifanya hivyo kwa mapenzi, ili mama yake asiaibike. Kuna methali kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua, lakini methali ile inamzungumzia mgonjwa anayejificha. Haisemi chochote kuhusu watu wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari hakusema kwamba tungewahi tungeuokoa. Hakusema pia kwamba tusingeuokoa.

*

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha anthropolojia cha mwaka 1798, aliishusha pua hadi mkiani mwa milango ya fahamu. Aliona kwamba hailipi, kwamba hasa penye watu wengi inatuletea karaha kuliko raha, na kwamba inakwenda kinyume na uhuru, kwa kuwa mwenye harufu huwalazimisha wengine kuishiriki watake wasitake. Macho unaweza kuyafumba. Pumzi huwezi kuiacha. Nilipomsoma nikiwa chuoni nilimwona kama bwana mmoja nadhifu aliyewahi kukaa karibu mno na watu kwenye chumba kisicho na madirisha. Siku hizi namwelewa zaidi, ila naona ameshika jambo la kweli kwa upande usiofaa. Kweli harufu ya bibi ilinilazimisha. Iliingia mwilini mwangu bila hodi. Lakini sauti ya mtoto anayelia usiku nayo inalazimisha, na hakuna anayesema sikio ni mlango wa fahamu usio na thamani. Kilichoniingia bila hodi kilikuwa na ujumbe, na ujumbe ulikuwa sahihi: kuna kitu kinaoza hapa. Hukumu ndiyo niliyoiongeza mimi, kwamba ondoka. Kisha adabu ikaja kuficha hukumu, na katika kuificha ikaufunika na ujumbe.

Picha iliyonisaidia kuvitenganisha hivyo viwili ni ya panya. Pale Morogoro, katika eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa. Baadhi hunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Mmoja aliyezaliwa huko, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza. Wengine hunusa makohozi. Sampuli zilizokwisha kupimwa kwenye zahanati hupangwa chini ya matundu kwa safu, na panya hupita tundu baada ya tundu. Kwenye kifua kikuu husimama, pua ikabaki pale pale kwa sekunde chache. Panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi, na baadhi ya anazosimamia ni zile ambazo hadubini ilizipitisha kuwa salama. Akipatia, hupewa ndizi.

Tulikwenda kuwatazama kundi zima la wanafunzi, tukicheka, tukipiga picha. Ilikuwa muhula uliofuata baada ya mguu wa bibi. Ghafla sikuweza kucheka. Yule panya alikuwa anaweka pua yake karibu kabisa na kitu ambacho kila mmoja wetu angekikimbia, na anaposikia uoza hasongi nyuma, anasimama. Sidai kwamba ana maadili, ana njaa. Lakini pua yake ilikuwa imefundishwa kuona harufu mbaya kama sababu ya kukaa. Na kama pua ya panya inafundishika, utetezi wangu wa mlangoni ulikuwa umepungua nguvu. Nilimkumbuka daktari alivyoinama.

Bibi aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo. Kovu la mguu lilisumbua, likafunguka, na harufu ikarudi. Safari hii muuguzi alitufundisha kuponda vidonge vya metronidazoli na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda, kwa sababu dawa hiyo huua wale bakteria wanaotoa uvundo. Ndani ya siku chache harufu ilipungua, na wageni wakaanza kukaa. Wakamaliza chai. Wakaomba ya pili. Bibi aliwahesabu kwa vidole, na jioni moja akaniambia kwa ile sauti yake kavu, "Naona nimeanza kupendwa tena." Nilicheka hadi machozi, na sina hakika machozi yale yote yalikuwa ya kicheko.

Sikuwahi kumwomba radhi kwa lile jibu. Nilijiambia kwamba kumkumbusha kungekuwa kumwambia kwa mara ya pili kwamba ananuka.

*

Mwaka jana nilipanda basi la Morogoro kwenda Tanga. Chalinze akapanda mzee mmoja mwenye kanzu iliyopauka na ndala moja. Mguu mwingine ulikuwa umefungwa kitambaa na kuvikwa mfuko wa nailoni. Kiti kilichokuwa wazi ni cha kando yangu. Niliijua harufu kabla hajaketi. Mama wa kiti cha mbele alifungua dirisha kwa nguvu, kijana wa nyuma akasonya. Mkono wangu, nakiri, ulikwenda kwenye mtandio. Ulifika kifuani ukasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

Nilivuta hewa. Ilikuwa ile ile, ule utamu mbaya. Nikajua kwamba nikikaa kimya mpaka Mkata nitakuwa nimeizoea, na yeye atashuka salama na ujumbe wake haujasomwa.

"Mzee, una kisukari?"

Akashtuka. "Umejuaje?"

Nikauonesha mguu kwa macho. Akautazama naye, kama mtu anayeoneshwa mtoto wa jirani. Akavuta mfuko wa nailoni juu kidogo, akaushusha. Basi lilikuwa linapita mashamba ya mananasi na wauzaji walikuwa wanapunga mikono.

"Unanuka?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Unanuka."

Akanyamaza. Niliogopa nimemvunjia heshima mbele za watu. Mama wa mbele alikuwa amegeuka kabisa. Kisha mzee akasema, taratibu, "Nyumbani kila nikiwauliza, wananiambia hapana."

Nikamuuliza alianza kuwauliza lini. Akafumba macho, akainua vidole vya mkono wa kulia, na tukaanza kuhesabu siku.